Nimeotesha majani machanga bila udongo: je, yataongeza damu ya binti yangu?

SWALI

Habari za kazi. Mimi ni mama wa Ipagala, Dodoma. Zamani nilifuga kuku na kuwaoteshea chakula cha haidroponiki, kile cha kuotesha kwa maji bila udongo, na trei za aluminiamu bado ninazo. Sasa ninazitumia kuotesha maikrogrini, yale majani machanga yanayokatwa yakiwa bado na majani mawili ya mwanzo. Ninaotesha juu ya kitambaa kibichi, bila udongo.

Binti yangu ni mjamzito wa miezi mitano. Kliniki wamempima wingi wa damu wakakuta 9.8, wakampa FEFO, vidonge vya chuma na foliki asidi. Vidonge vinamkoroga tumbo. Aliyeniuzia mbegu anasema majani haya yana lishe mara arobaini kuliko mboga ya kawaida na antioksidanti nyingi, kwa hiyo akila kila siku vidonge vya nini. Je, ni kweli?

Halafu kilimo chenyewe kinanisumbua. Figili inaota manyoya meupe, mchicha mwekundu unasimama vizuri halafu unalala kwa mafungumafungu, alizeti inabaki na ganda kichwani, na kingo za majani zinakauka. Maji ninayotumia ni ya kisima. Mbegu za figili ni za duka la pembejeo, zina rangi ya waridi. Nafikiria kujaribu na mtama, maana kwetu ndiyo mbegu isiyokosekana. Nikifanikiwa nataka kuuza kwenye vikopo maofisini, niandike kwamba yanaongeza damu na kuzuia saratani. Naombeni mwongozo.

Mama wa Ipagala

JIBU

Mama, tuanze na hizo mbegu za waridi. Usile wala usimpe mtu majani yaliyoota kutoka kwenye mbegu hizo, na yaliyopo kwenye trei sasa hivi yatupe. Rangi hiyo, iwe ya waridi, bluu au kijani, huwekwa makusudi ili mkulima ajue mbegu imepakwa dawa ya kuua ukungu au wadudu. Mbegu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya shambani, ambako mpaka figili ikomae dawa inakuwa imeoshwa na mvua na kutawanyika kwenye udongo. Kwenye trei yako hakuna udongo, siku ni saba tu, na jani linakatwa sentimita chache juu ya ganda lenye dawa. Kuosha mbegu hakutoshi, kwa sababu dawa nyingine huingia ndani ya mche. Dukani uliza mbegu isiyopakwa dawa, na usome mfuko mwenyewe hata kama muuzaji anakuhakikishia.

Mtama nao uache kabisa. Wafugaji wa Kongwa na Mpwapwa wanajua kwamba ng'ombe akivamia mtama mchanga anaweza kufa pale pale. Mche mchanga wa mtama una durini, kemikali ambayo ukitafunwa hutoa sianidi, na kiasi chake kinakuwa kikubwa zaidi siku zile zile za mwanzo ambazo wewe ungekata. Punje ya mtama ya ugali haina shida hiyo, mche ndio wenye sumu. Katika orodha ya visivyoliwa vikiwa vimechipua ongeza nyanya, biringanya na pilipili, na pia maharage ya kawaida, ambayo yakiliwa mabichi husababisha kutapika na kuharisha vibaya.

Trei za kuku zinaweza kutumika, ila si kabla hazijasuguliwa kwa sabuni, zikasuuzwa, kisha zikalowekwa dakika kumi kwenye maji yenye jiki: kijiko kikubwa kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa lita nne au tano za maji. Zihamishe mbali na banda. Kinyesi cha kuku hubeba salmonela, na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane halichagui pa kutua. Trei iliyolika mpaka ikatoboka iweke pembeni. Na kama una kimiminika cha virutubisho kilichobaki enzi za kuku, usikitumie ikiwa huna lebo inayoonyesha kilichomo.

Sasa lishe yenyewe. Hiyo habari ya mara arobaini ina chanzo cha kweli, ila imevutwa mpaka ikapasuka. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima aina 25 za maikrogrini kwa vitamini C, E, K na karotenoidi, zile rangi za njano na chungwa za mimea. Mara arobaini ilihusu vitamini E kwenye kabichi nyekundu, ambayo ikikomaa ina vitamini E kiduchu sana, hivyo kuizidi si kazi. Kabichi hiyo hiyo ikiwa changa ilikuwa na miligramu 147 za vitamini C kwa gramu 100, na iliyokomaa huwa na kama 57. Hapo hata mara tatu haifiki. Na katika aina hizo 25 vitamini C ilianzia miligramu 20 hivi mpaka hizo 147, kwa hiyo kusema “maikrogrini zina vitamini C nyingi” bila kutaja mmea gani ni kusema nusu.

Wakati mwingine hesabu inageuka kabisa. Mchicha mwekundu mchanga ndio ulioongoza kwa vitamini K kati ya aina zote 25, ukiwa na takribani mikrogramu 410 kwa gramu 100. Mchicha uliokomaa, huu wa fungu la sokoni Majengo, una zaidi ya mikrogramu 1,100. Giligilani changa nayo iliongoza kwa luteini, karotenoidi ambayo hujikusanya kwenye retina ya jicho. Kila mmea una kipawa chake.

Antioksidanti ni jina la jumla la vitu vinavyozuia oksijeni isiharibu sehemu za seli. Katika majani yako ni vitamini C na E, karotenoidi, polifenoli, na anthosayanini, ambazo ndizo zinazoupa mchicha na kabichi ile rangi ya zambarau. Figili ina kitu cha ziada: glukosinolati. Ukiitafuna, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani ya seli kinakutana nayo na kutoa ule ukali unaopanda puani. Ukiipika mapema kimeng'enya kinakufa na ukali unapotea, na sehemu kubwa ya faida yake inaondoka nao. Mpaka hapo muuzaji wako hajadanganya. Tatizo ni kwamba vipimo vya “nguvu ya antioksidanti” hufanywa kwenye chupa ya maabara, na jibu la chupa si jibu la damu ya mtu. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula vilivyopangwa kwa kipimo kimoja cha aina hiyo kiitwacho ORAC, na mwaka 2012 iliiondoa hadharani kwa sababu namba zile hazikuwa zinaonyesha kinachotokea mwilini, huku wauzaji wakizitumia kupandishia bei. Kula majani hayo kwa sababu ni mboga nzuri. Ukiyala kama dawa, utakuwa umelipia ahadi ambayo hayawezi kuitimiza.

Tuje kwenye damu ya binti yako. Wanga na vitamini vingi mmea unavitengeneza au kuvigeuza wenyewe kwa kutumia mwanga, maji na hewa. Chuma hautengenezi. Kwenye shamba mzizi unakichukua kutoka kwenye udongo. Kwenye kitambaa na maji matupu, chuma chote kitakachokuwemo kwenye majani kilikuwemo tayari kwenye mbegu, isipokuwa maji yenyewe yawe na chuma. Gramu 10 za mbegu ya mchicha zina chuma kisichofika miligramu moja. Hata ule trei nzima bila kubakiza, umekula miligramu hiyo moja, tena ya aina ya mimea ambayo mwili hufyonza sehemu ndogo tu. Alizeti ina nafuu: gramu 100 za mbegu yenye ganda zinabeba kama miligramu tatu. Mjamzito anahitaji takribani miligramu 27 kwa siku, na huyo ni mjamzito ambaye damu yake iko sawa. Kidonge kimoja cha FEFO kina takribani miligramu 60.

Kwa mjamzito, chini ya 11 huhesabiwa kuwa ni upungufu wa damu, na 9.8 si namba ya kuiachia majani. Asiache vidonge. Kama tumbo linamkoroga, arudi kliniki awaambie hivyo hivyo, maana kuna mengi ya kubadilisha: muda wa kumeza, kumeza baada ya chakula cha usiku badala ya asubuhi tumbo likiwa tupu, au aina nyingine ya chuma. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Pia aulize kama amepimwa malaria na minyoo, kwa sababu damu inayopungua kwa sababu hizo haitapanda kwa vidonge peke yake.

Majani yako yana kazi katika habari hii, ila ni kazi ya msaidizi. Vitamini C ikiwa kwenye mlo mmoja na chuma cha mimea, kile cha mchicha, kunde au uwele, husaidia utumbo kukifyonza. Chai na kahawa hufanya kinyume, kwa hiyo chai ya rangi isogezwe saa moja au mbili mbali na mlo na mbali na kidonge. Kiganja kimoja cha majani haya ni kama gramu 30. Kiganja cha kabichi nyekundu changa kinampa miligramu 44 hivi za vitamini C, na cha aina dhaifu kinampa sita. Pera moja la ukubwa wa kati linampa zaidi ya mia moja, bila trei wala kitambaa. Ubuyu wa asili, usiopakwa rangi na sukari, nao una vitamini C kwa wingi, na mikoa ya kati imejaa mibuyu. Hatusemi uache kuotesha. Tunasema pera, ubuyu na dagaa visiondoke mezani kupisha trei. Dagaa, maini kidogo kwa wiki na nyama vikipatikana, ndivyo vyenye chuma kinachofyonzwa kirahisi.

Kwa kuwa ni mjamzito, kuna tahadhari moja zaidi. Maikrogrini si hatari kama mbegu zilizochipuliwa ndani ya maji na kuliwa na mizizi yake. Hizo mwaka 2011 ziliwaugulisha maelfu ya watu Ujerumani, na makumi walikufa, kwa bakteria iliyokuwa kwenye mbegu za uwatu. Majani unayokata juu ya kitambaa yana nafuu kwa sababu mbegu na mzizi vinabaki chini. Lakini nafuu si usalama kamili. Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu, yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, au yachanganye kwenye mboga inayochemka dakika ya mwisho kabisa. Vitamini C itapungua kidogo, na hasara hiyo inavumilika. Anayetumia warfarini ya kuyeyusha damu aongee na daktari wake kabla ya kuanza kula mchicha mchanga kila siku, kwa sababu ya vitamini K.

Sasa trei. Shida zako nne zina sababu tofauti, ila mbili zinaanzia kwenye wingi wa mbegu. Waliozoea chakula cha kuku humwaga mbegu mpaka zinapandana, na kwa kuku ni sawa. Kwa majani ya kula, mbegu zikae tabaka moja, zigusane bila kupandana. Trei ya sentimita 25 kwa 50 inatosha gramu 25 za figili, 15 za kabichi nyekundu, 8 mpaka 10 za mchicha, au 100 za alizeti. Kama trei zako za kuku ni 40 kwa 80, zidisha kwa mbili na nusu. Nunua mzani mdogo wa jikoni. Kijiko kinadanganya kwa sababu mbegu za mchicha na za figili hazilingani uzito.

Manyoya meupe ya figili yanaweza yasiwe ukungu kabisa. Figili siku ya pili na ya tatu hutoa vinyweleo vya mizizi vyeupe, laini, vinavyozunguka kila mzizi kwa usawa. Pulizia maji: vikilala na kutoweka, ni mizizi, iache. Ukungu hautoweki. Unafanana na utando wa buibui, unaruka kutoka mbegu moja hadi nyingine, unapanda mpaka kwenye shina, na unanuka uvundo. Ukiwa mdogo kwenye kona, na bado siku ni za mwanzo, ondoa eneo lote na upanue hewa. Ukienea, tupa trei nzima na uchemshe kitambaa.

Mchicha unaolala kwa mafungu ni kuoza shingo. Angalia shina pale linapogusa kitambaa: limekuwa jembamba, la kahawia, kama limebanwa na uzi. Huo ni ugonjwa wa vimelea vya majini, hasa pithiamu, na hauna tiba ukishaingia. Unaletwa na kitambaa kinachoelea maji, joto, na mbegu nyingi mno. Kitambaa kibaki kibichi kama nguo iliyokamuliwa. Mbegu ikishaota usimwagie juu tena. Weka trei yenye matundu ndani ya trei isiyo na matundu, mimina nusu lita chini, subiri dakika 20 au 30, kisha mwaga yaliyobaki. Trei zako za kuku tayari zina matundu ya kuchuja upande mmoja, kwa hiyo unahitaji tu beseni la chini na mteremko mdogo. Kwa mchicha tungeacha kitambaa na kutumia kokopiti, makumbi ya nazi yaliyosagwa, unene wa sentimita mbili. Mbegu yake ni ndogo mno, na kwenye kitambaa inakauka au inazama, haina katikati. Kokopiti huwa na chumvi. Iloweke na kuikamua mara tatu kwa maji safi kabla ya kutumia.

Ganda la alizeti kichwani linatokana na hewa kavu ya Dodoma. Kuanzia Juni mpaka Novemba ganda hukauka na kubana kabla jani halijapata nguvu ya kulisukuma. Loweka mbegu kwa muda wa saa nane, toa zinazoelea, tandaza, kisha weka juu yake trei nyingine yenye uzito wa kilo mbili, tofali au vigae, kwa siku tatu gizani. Ule uzito ndio unaoifanya mizizi ishike na miche isukume kwa nguvu mpaka ganda litoke. Jioni kabla ya kufunua pulizia maji, acha usiku mzima, asubuhi pitisha kiganja juu ya majani polepole wakati bado yana unyevu. Alizeti ya kukamulia mafuta inayouzwa kwa debe Dodoma na Singida inafaa sana na ni rahisi, mradi iwe ya msimu huu, haijapasuka na haijapakwa dawa.

Kingo zinazokauka zinatokana na maji yako, kwa kadiri tunavyoona. Visima vingi vya Dodoma vina maji magumu yenye chumvichumvi. Maji yanapanda kwenye kitambaa, yanakauka kwa upepo, chumvi inabaki, na kila siku unaongeza nyingine. Tazama kitambaa chako kikikauka: ukiona unga mweupe pembeni, jibu ndilo hilo. Kipimo cha EC, kinachoonyesha wingi wa chumvi iliyoyeyuka majini, kinauzwa na wanaouza vifaa vya haidroponiki. Maji yakisoma zaidi ya 1.0 (mS/cm), usiyatumie peke yake. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua kama una tangi, au ya bomba kama ni laini zaidi, na kila baada ya siku mbili suuza kitambaa kwa kumimina maji yapite na kutoka, badala ya kuongeza tu yanapopungua. Usiongeze mbolea ya maji juu ya maji ya namna hiyo, utakuwa unaongeza chumvi kwenye chumvi. Maji yakiwa laini, miche ya mchicha inayokaa siku zaidi ya kumi hunufaika na mbolea ya haidroponiki ya mboga kwa nusu ya kipimo cha kwenye lebo, mpaka EC ya 1.0 hadi 1.5. Hapo ndipo madini, chuma kikiwemo, yanaweza kuongezeka kupita yale ya kwenye mbegu. Figili ya siku saba haihitaji.

Mbegu yoyote, hata ya nyumbani kwako, isafishwe. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, ipashwe mpaka nyuzi 60, mbegu zitumbukizwe dakika tano ndani ya kichujio, kisha zisuuzwe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Kipimajoto ni lazima. Ukikisia, moto ukizidi utaua mbegu, ukipungua vimelea vitabaki.

Mwanga ndio unaoamua kiasi cha antioksidanti, na wengi huukosea. Katika utafiti ule wa 2012, njegere changa zilizooteshwa gizani zikabaki za njano zilikuwa na beta-karotini chini ya moja ya kumi ya njegere zile zile za kijani. Kwa hiyo giza ni la siku mbili au tatu za mwanzo tu. Baada ya hapo trei ikae dirishani au barazani kwenye mwanga mkali wa kivuli, na ipate jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Jua la saa saba mchana la Oktoba litaichemsha, na chini ya bati bila dari ni vibaya zaidi, kwani mbegu nyingi hupenda nyuzi 20 hadi 25. Mwezi wa sita na wa saba shida inageuka: usiku ni baridi, uotaji unachelewa siku mbili au tatu, usiharakishe kufunua. Ukitumia taa, bomba la LED nyeupe la wati 20, sentimita 25 juu ya majani kwa saa 14, linakula uniti 8 na kitu kwa mwezi. Mchicha na kabichi nyekundu zikipata mwanga mdogo utaziona zimerefuka na rangi imefifia. Rangi ikififia, anthosayanini nazo zimepungua.

Kata figili siku ya sita hadi ya nane, kabichi ya nane hadi ya kumi, mchicha ya kumi hadi kumi na nne. Alizeti kata kabla jani la tatu halijatokeza, likitoka inakuwa chungu. Usimwagilie kwa saa nane kabla ya kukata. Tumia mkasi uliooshwa, sentimita moja juu ya kitambaa, na ukate wakati wa ubaridi. Kwenye friji, yakiwa makavu ndani ya kopo lenye karatasi ya jikoni, hukaa siku tano mpaka saba, na vitamini C inapungua kila siku. Kama huna friji usikate akiba: acha trei hai, kata ya mlo huo tu.

Mezani, kwa wasiohitaji tahadhari ile ya mjamzito, weka majani juu ya mboga ikishaipuliwa. Karotenoidi huhitaji mafuta kufyonzwa, kwa hiyo mlenda wa karanga ni mwenzi mzuri, karanga zikiwa safi zisizo na ukungu. Ila magadi yapungue. Tunajua mlenda wa Kigogo bila magadi watu wananuna, lakini magadi huharibu vitamini C haraka, na ukiyachanganya na majani yako jikoni umerudi ulikoanza. Pika mlenda na magadi yako kidogo, majani mabichi yaje sahanini, pembeni, na kipande cha limau.

Kuhusu kuuza, ofisi za serikali za Mtumba na hoteli za mjini ni soko linalowezekana, na figili na alizeti ndizo tungeanza nazo, kwani zinakua haraka na hazisumbui. Trei ya 25 kwa 50 hutoa kama gramu 200 za figili. Ya mchicha ni nusu ya hapo, hivyo bei zisilingane. Kabla ya kufungasha pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo mjini wakuelekeze, na uulize TBS, shirika la viwango, masharti ya chakula kilichofungashwa. Maneno ya kuongeza damu na kuzuia saratani yaondoe yote mawili. La kwanza umeshaona hesabu yake. La pili ni dai la kutibu au kuzuia ugonjwa, na chakula hakiruhusiwi kuuzwa kwa dai la namna hiyo. Andika jina la mmea, uzito, tarehe ya kukatwa, “hifadhi kwenye ubaridi, osha kabla ya kula”, na namba yako ya simu.